Freni Haibadilishwi Upande Mmoja

Spana ilimponyoka Ilias mkononi, ikagonga chuma cha chini ya gari, ikamwangukia kifuani. Akaiokota kwa mkono uleule wa kushoto. Ikamponyoka tena. Alilala kimya chini ya ile Toyota kuukuu, akaviangalia vidole vyake kama mtu anayeangalia vidole vya jirani, akaviamuru vifunge. Vilifunga, lakini kwa uvivu, kama karani wa ofisi ya serikali aliyeitwa na mtu asiyevaa koti.

Akatambaa akatoka nje. Hakumwambia mtu. Akaenda kunawa, akarudi, akaenda kunawa tena. Akaketi juu ya tairi, akainuka, akazunguka gari ambalo tayari alikuwa amelizunguka. Garaji yake ni ua tu wa mchanga uliokuwa mweusi kwa mafuta, kwenye moja ya zile barabara za mtaa wa Buyenzi zenye namba badala ya majina. Pale mtu hajifichi. Ukikohoa, jirani anakuombea dua kabla hujamaliza.

"Baba, mukono uko na nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Amira, binti yake, mtoto wake wa pekee, aliyekuwa akiuza buji, zile plagi za kuwashia injini, na filta kwenye kibanda cha mlangoni.

"Mukono uko na kazi."

"Naona umeangusha spana mara mbili. Mi siko kipofu."

"Basi kama hauko kipofu angalia duka lako, wezi wasipite na buji."

Lakini Amira alikwisha kufunga kibanda. Alikuwa na tabia za mama yake: akishasema twende, ujue viatu vimekwisha kuvaliwa.

Hivyo ndivyo Ilias alivyojikuta kwenye benchi la kituo cha afya, mkono umefungwa kile kitambaa kinachobana, mbele ya daktari mwanamke mwenye umri wa kuwa bintiye. Irène lilikuwa jina lake, mtu wa mtaa wa Mutanga Sud, kijana wa chuo, mwenye Kiswahili cha kuokota okota na macho yasiyokwepa. Alipima mkono wa kushoto, akapima wa kulia. Akamwambia apumzike, akapima tena. Halafu akachukua damu, akachukua mkojo, akauliza maswali mpaka Ilias akahisi yuko mbele ya polisi.

"Papa, tension, hii presha yako, iko mia moja tisini na mbili juu ya mia moja na kumi," alisema mwishowe. "Sukari unayo, hiyo ulijua. Figo zimeanza kuvuja kidogo, hiyo hukujua. Na ule mukono uliolala asubuhi, ile ni onyo. Leo umerudi. Siku ingine hautarudi."

"Docteur, mi nakula ndagala na ugali kama watu wote. Siko mugonjwa."

"Samaki iliyokaushwa na chumvi," Amira akadakia, "na anaongeza chumvi juu."

"We nyamaza, mi ndiye mugonjwa."

"Si umesema siko mugonjwa?"

Daktari alicheka kidogo, akarudi kwenye karatasi yake. Alisema atampa dawa mbili, zote mbili kuanzia siku ileile, kila moja kwa nguvu ndogo. Moja ya kulegeza mishipa. Ya pili ya kuuzuia mwili usiikaze tena, nayo ingelinda figo. "Kuna watu tunawaanzisha na moja, tunaangalia. We apana. Mutu mwenye sukari, mwenye figo inavuja, mwenye tension ya hivi, hatuna nafasi ya kusema tumupe moja, tungoje, tuongeze, tungoje."

Neno hilo la mwisho lilimchoma Ilias kama cheche ya kuchomelea. Tungoje.

Mkewe Mwanasiti alikuwa na presha ileile. Sukari ileile. Kituo kingine, daktari mwingine, mzee mwenye miwani aliyekuwa anaandika bila kuinua kichwa. Alipewa dawa moja. Baada ya mwezi: haijashuka sana, tungoje. Akaongezewa ileile. Tungoje. Mara dawa yenyewe haipo, stoo imekauka, wakubwa wameagiza, tungoje. Mwanamke akangoja kwa adabu zake zote, na kitenge chake kikiwa kimepigwa pasi, mpaka mchana mmoja alipoanguka mbele ya jiko, mdomo umekwenda upande. Na hapo ndipo Ilias alipojua maana ya kuwa fundi wa magari katika mji usio na essence. Ua ulikuwa umejaa magari. Pikapu, teksi, basi dogo la shule. Hakuna hata moja lililokuwa na tone. Foleni za vituo vya mafuta zilikuwa na wiki nzima, watu wanalala ndani ya magari yao, na magari ya wakubwa yanapita kando, vioo vyeusi, matangi yamejaa. Walimpakia kwenye tuk-tuk iliyokuwa na mafuta ya kunusa tu. Ilizimika kabla ya kona. Waliisukuma. Yeye, Amira, vijana wa msikitini, wakaisukuma mpaka kwenye geti la hospitali. Walipofika, Mwanasiti hakuwa anangoja tena.

"Docteur," alisema, na sauti yake ilikuwa tulivu, jambo ambalo Amira aliliogopa kuliko makelele. "Marehemu bibi yangu, mama ya Amira, alikuwa na tension hii, na sukari hii. Walimupa moja. Leo mi munanipa mbili. Sasa niambie. Kama mbili ndiyo dawa, basi bibi yangu aliuawa na moja. Na kama moja ilitosha, basi mi munaniuzia nini?"

Irène aliweka kalamu chini. "Papa Amira, mi sikuwako."

"Wote hawakuwako. Nchi hii kila kitu kinafanyika na watu ambao hawakuwako."

Akachukua dawa zake dirishani, pakiti mbili, akatoka. Hakuaga.

Sasa, fundi ana sheria yake, na Ilias alifundishwa sheria hiyo kwa makofi kabla hajaota ndevu. Gari likija halina nguvu, usibadilishe vitu viwili kwa siku moja. Badilisha buji, jaribu. Haijapona, badilisha filta, jaribu. Ukibadilisha vyote kwa pamoja likapona, utajuaje kilichokuwa kibovu? Utakuwa umemlia mtu vitu vyake. Mafundi wanaobadilisha kila kitu ni wezi au hawajui kazi, mara nyingi ni yote mawili. Hakuwahi kusoma zaidi ya darasa la tano, lakini hilo alilijua kuliko msomi yeyote.

Kwa hiyo akaamua kuzijaribu dawa kama buji. Pakiti ya kwanza, ile ya kulegeza mishipa, akaila peke yake. Ya pili akaisukumia nyuma ya Kurani, juu ya kabati, mahali ambapo Amira alipafuta vumbi Ijumaa tu. Usingizi ulikuwa haba siku zile. Mchana aliingia chini ya gari akatoka kabla hajafungua nati hata moja. Alikwenda msikitini mapema, akakaa, akaondoka, akarudi adhana ilipolia. Alipanda tuk-tuk hadi Ruziba, kando ya ziwa, kutafuta samaki wa mukeke wa kukaanga, akafika, akaona hana hamu, akarudi na mikono mitupu. Kila alipokaa, alivipima vidole: funga, fungua. Funga, fungua.

Kichwa kilipungua kuuma. Akawa karibu kumwamini yule daktari mtoto wa Mutanga. Halafu miguu ikavimba. Siku ya Jumanne viatu vilikataa kuingia, vifundo vimejaa kama maandazi yaliyozidi hamira, ukibonyeza kwa kidole shimo linabaki.

"Ahaa," alijisemea. "Hii ndiyo mbovu. Nimeipata."

Akaiacha ile, akaishusha ile ya nyuma ya Kurani. Akaila peke yake. Miguu ikanywea, kweli, na fundi akajisifu. Lakini kichwa kikarudi, na safari hii kikaja na nyundo. Asubuhi alipoinama kuvaa kandambili, ukuta ulimsogelea.

Amira aligundua siku aliyofuta vumbi. Alitoka na pakiti zote mbili mkononi, akasimama uani, mbele ya wateja.

"Baba. Hii imeliwa nusu imeachwa. Hii imeanzwa juzijuzi. Unacheza nini?"

"Sichezi. Natafuta panne iko wapi."

"Panne?"

"Ubovu. Gari linakuja na shida, unajaribu kitu kimoja kimoja. Ile ya kwanza inavimbisha miguu, ni mbovu. Sasa najaribu ya pili."

Amira aliongea polepole, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Mama walimujaribia kimoja kimoja. We uliwatukana mwaka muzima. Ulisema ni wauaji. Sasa we mwenyewe unajifanyia ileile waliyomufanyia Mama, na hapa hakuna hata mukubwa wa kulaumu. Ukianguka, mi nitasukuma na nani?"

Mteja mmoja akakumbuka ana shughuli mahali. Ilias akaingia chini ya gari. Huko hakufanya kitu. Alikuwa anaangalia tu kutu.

Kesho yake akaja Shaabani.

Shaabani alikuwa dereva wa bwana mmoja wa Kigobe, mtaa wa wenye nazo, mkubwa wa ofisi fulani. Ofisi gani hasa, Shaabani mwenyewe alisema hajawahi kuielewa. Alikuwa mtu wa Buyenzi tangu utoto, mcheshi, mwenye tumbo lililomtangulia mlangoni. Aliingiza uani lile gari kubwa jeupe lenye vioo vyeusi, na watoto wa jirani wakaja kujiangalia ubavuni mwake.

"Fundi! Asalaam aleikum. Mbona uso kama radieta imevuja?"

"Waleikum salaam. Na we mbona tumbo kama lina mapacha? Sema gari lina nini."

"Freni. Inalia upande wa kushoto. Ukikanyaga inasema *khwiii*, patron, bosi wangu, anashika moyo."

Ilias aling'oa magurudumu ya mbele. Plaketi za kushoto, vile vibao vinavyobana sahani ya gurudumu ili lisimame, zilikuwa zimeliwa hadi chuma. Za kulia zilibaki na kidogo.

"Leta seti ya mbele. Pande mbili."

"Ah, fundi, mi niko na ya upande mumoja tu. Hizi ndizo zilizobaki mjini. Zingine ziko njiani zinatoka Dar. Weka ya kushoto, ya kulia bado ina siku zake. Patron anataka gari leo."

"Apana."

"Apana namna gani? Ya kulia haijalia."

"Shaabani, freni haibadilishwi upande mumoja. Utaweka mpya kushoto, kulia kuukuu. Ukikanyaga kwa nguvu, kushoto itashika, kulia itateleza, gari litavuta, utamuingiza patron wako kwenye mutaro wa maji machafu na koti lake. Hii si buji. Buji unajaribu moja moja kwa sababu gari limesimama, una nafasi. Freni unabadilisha pande mbili siku moja, kwa sababu hii ndiyo inayo..."

Akanyamaza. Alikuwa amechuchumaa, kibao cha chuma kiganjani, mdomo wazi.

"Inayo nini?" Shaabani akauliza. "Fundi? Umemeza nzi?"

"Inayokuzuia kufa," Ilias akamaliza, taratibu. "Haungojei kuona."

Shaabani alimwangalia kwa wasiwasi. "We nawe uko na tension kama patron. Yule naye alikuwa hivi, anaongea ananyamaza katikati. Sasa yuko sawa. Anakunywa kidonge kimoja tu asubuhi, ndani yake kuna dawa mbili zimeunganishwa. Mi ndiye namununulia kule mjini. Tangu ile miaka ya Covid anakunywa."

"Dawa mbili?"

"Mbili ndani ya moja. Docteur wake wa ng'ambo alimwambia, mutu wa hatari kama we tunaanza na mbili."

Tangu ile miaka ya Covid. Mwanasiti alikuwa hai ile miaka. Mwanasiti alikuwa anakunja kitenge, anakwenda kungoja. Na kule Kigobe, mwendo wa chai moja kwa gari, mtu mwingine mwenye damu nyekundu vilevile alikuwa anameza mbili kila asubuhi na kupanda gari lenye essence. Basi walijua. Hilo ndilo lililomtoa Ilias chini, likamsimamisha, likamtembeza ukuta hadi ukuta. Si kwamba hawakujua. Elimu ilikuwepo, dawa ilikuwepo, ila ilikuwa inapanda mlima tu, haishuki bondeni.

"Gari halitoki," alisema.

"Fundi!"

"Mwambie patron wako angoje. Ajue utamu wa kungoja. Amira! Funga kibanda."

Kituoni, Irène alipima mara tatu. Mia moja themanini na nane. Alipoambiwa habari ya buji na filta, alifunga macho kama mtu anayehesabu kimoyomoyo asije akatukana mzee.

"Papa, ile miguu ilivimba kwa sababu ulikula ile moja peke yake. Inafungua mirija inayoingiza damu, mirija ya kutoa inabaki imebana, maji yanakaa miguuni. Ya pili inafungua mirija ya kutoa. Zikiwa pamoja, watu wengi miguu haivimbi hivyo. Moja inapunguza ubaya wa mwenzake. Ndiyo sababu nilikupa zote."

"Kama plaketi," Ilias alisema.

"Kama nini?"

"Endelea tu, docteur. Nimeshaelewa. Nipe pande zote mbili."

Aliandika upya, maana vidonge vilivyobaki vilikuwa vya siku mbili tatu tu. Akasisitiza: baada ya wiki mbili arudi, damu iangaliwe, figo na chumvi za mwili, kikohozi kikavu kikija asiache dawa kimyakimya, aje wabadilishe ile ya pili kwa dawa nyingine iliyo ndugu yake. Na ule mkono, ukilegea tena hata kwa muda wa kufunga kifungo, ni hospitali moja kwa moja. Ilias aliitikia kila kitu. Akaenda kwenye dirisha la dawa, alipokuwa Consolate, mama mnene mpole mwenye sweta hata wakati wa joto.

Consolate alisoma, akaingia ndani, akatoka na pakiti moja.

"Hii ya kulegeza iko. Ya pili imekwisha. Chukua hii, papa, ile urudi Jumatatu. Pengine Jumatano."

"Pengine," Ilias alirudia.

"Wameagiza. Tungoje."

Watu wa kwenye foleni waliona mzee aliyevaa ovaroli akirudisha pakiti ndani ya dirisha, kwa upole, kwa vidole viwili. Akageuka, akakaa kwenye benchi, akakunja mikono.

"Papa, chukua angalau hii."

"Mama, mi garaji yangu haitoi gari lenye freni ya upande mumoja. Sitoki hapa na upande mumoja."

"Lakini haipo! Nitaitoa kwenye sweta?"

"Sijasema uko nayo. Nimesema sitoki. Bibi yangu alitoka. Alikuwa na adabu, aliambiwa angoje akaenda nyumbani kungoja. Mi sina adabu. Mi nitangojea hapahapa, muniangalie."

Mtu akacheka nyuma. Mwanamke mwenye mtoto mgongoni akasema, "Wallahi mzee yuko na haki." Mwingine akasema akae pembeni basi, wenzake wachukue Coartem zao za malaria. Amira alisimama kando ya baba yake, na kwa mara ya kwanza tangu wafike hakumwambia anyamaze.

Irène alitoka. Consolate alimweleza kwa Kirundi cha haraka, mikono ikiruka. Daktari akaja akaketi kwenye benchi, si mbele ya Ilias bali ubavuni, wote wawili wakaangalia ukuta wenye picha ya mama ananyonyesha.

"Papa Amira. Siku ile uliniuliza kitu, nikakujibu vibaya."

"Ulijibu kama wakubwa."

"Nilisema sikuwako. Ni kweli. Sijaona karatasi zake, sijui walikuwa na dawa gani kwenye stoo, na siwezi kukuambia angepona. Hilo sitakuambia kamwe, kwa sababu silijui." Akamgeukia. "Lakini kama angekuja kwangu, vile ulivyomweleza, na ile sukari, na ile tension... mi ningemupa mbili. Siku ya kwanza."

Ilias hakugeuka. Mwaka mzima na zaidi alikuwa amebeba swali lile, akiligonga kwenye kila mlango, na kila mlango ulimjibu kwa mapenzi ya Mungu, au kwa uchovu, au kwa kufungwa. Alikuwa ameandaa hasira ya kutosha kwa siku ambayo mtu angelijibu. Sasa limejibiwa, na hasira ikakosa pa kuangukia; ikabaki imesimama katikati ya kifua kama mgeni aliyekosea nyumba.

"Asante," alisema. Lilikuwa neno dogo, tena kavu, lakini alilisema.

Halafu akajipangusa uso kwa mkono wa ovaroli, akajiachia alama ya grisi, akamwambia Amira: "Pigia Shaabani simu."

"Ya nini?"

"Mwambie kuna gari halina freni hapa. Anajua pièce, kipuri chake, iko wapi mjini."

Irène alielewa kabla ya Amira. Aliandika karatasi nyingine: zilezile dawa mbili, ndani ya kidonge kimoja. Alisema hakukiandika mwanzo kwa sababu kituo hakijawahi kukipata, na pakiti mbili zilikuwa zinafanya kazi ileile. Shaabani alikuja anahema, akaichukua karatasi, akaondoka nayo kwa tuk-tuk, huku akilalamika kwamba yeye ni dereva wa mkubwa na leo amekuwa tarishi wa fundi. Lakini alikwenda. Alirudi jua likiwa limeanza kuinamia milima ya Congo ng'ambo ya ziwa, na Ilias bado yuko kwenye benchi.

Alifungua boksi. Akatoa kidonge, akakigeuza kiganjani. Uso ukambadilika.

"Hiki kimoja."

"Ndiyo, papa," Irène akaanza.

"Nimekaa hapa mchana kutwa nataka mbili, munaniletea kimoja! Shaabani, ni mchezo huu?"

"Mi nilikuambia zimeunganishwa! Patron anakunywa hiyohiyo!"

"Pièce ya origine au ya kuchonga?"

Amira alimnyang'anya boksi, akalisogeza kwenye mwanga, akasoma jina la kwanza, kidole chini ya herufi. Halafu la pili. Kisha akachukua zile pakiti mbili za zamani kwenye mfuko wake, akamwonyesha: jina hili ni hili, na hili ni hili. Baba yake hakuwa msomaji, lakini kulinganisha namba ya pièce ya zamani na ya mpya ndiyo kazi aliyoifanya maisha yake yote. Alilinganisha herufi kwa herufi. Alichukua muda. Hakuna aliyemharakisha, hata Consolate, aliyekuwa amekwisha kuvaa mkoba begani.

"Bismillah," alisema, akameza bila maji.

Plaketi za kulia zilifika siku kadhaa baadaye. Aliweka pande zote mbili kwa pamoja, mwenyewe, vidole vikishika kila nati. Presha ilikuwa imeanza kushuka. Haijafika panapotakiwa, lakini ilikuwa inashuka, na kichwa kilikuwa kimeshusha nyundo. Alipomaliza alimwambia Shaabani apande kando yake, gari linajaribiwa na fundi.

Lilikuwa na tangi lililojaa. Alilitoa uani, akapita barabara zenye namba, akakata ile kona ambayo tuk-tuk ilizimika kabla haijaifikia. Shaabani alikuwa anaongea kitu kuhusu patron. Ilias hakusikia. Nyumba zilipita, mti wa umeme, duka la mkaa, ule ukuta mrefu ambao siku ile haukuwa na mwisho. Kabla Shaabani hajamaliza sentensi yake, geti la hospitali lilikuwa mbele yao.

Hivyo tu. Lilikuwa karibu hivyo.

Akakanyaga kwa nguvu zote. Gari zito likajikunja mbele, likasimama palepale, sawasawa, halikuvuta kushoto wala kulia.

"Fundi!" Shaabani akapiga kelele, mikono kwenye dashibodi. "Unataka kutuua?"

"Napima freni."

"Sasa zinashika?"

"Zinashika."

Lakini hakuondoa mguu kwenye pedali. Nyuma yao teksi ikapiga honi, na nyingine. Gari lilikuwa limetulia kabisa. Ni yeye aliyekuwa bado anaisukuma ile tuk-tuk.